Stelingi Aliyekataa Kumzika Mama Yake

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Otakar Hruska, na mtu aliyemwita hivyo mbele ya wakubwa wa studio alikuwa anatafuta kufukuzwa kazi. Mimi nilimwita Ota kila asubuhi. Naitwa Verna Stubbs, nilikuwa mvalishaji wake. Nilimfunga tai, nilimkaza mshipi, nilimshonea vifungo alivyovipasua akipigana kwa panga mbele ya kamera. Yale mabega ambayo wanawake wa nchi nzima waliyatamani kwenye giza la sinema, mimi niliyajua kwa utepe wa kupimia. La kushoto lilikuwa limeteremka kidogo, maana utoto wake wote alibeba ndoo za maziwa upande huo. Nilikuwa nalijaza pamba, basi, anatoka akiwa stelingi kamili.

Aliingia Hollywood kwa mlango wa nyuma. Baba yake alikuwa Mcheki, mkulima wa ngano kule Nebraska, akafa mwaka ambao ukame uligeuza mashamba kuwa vumbi. Ota akamwachia mama yake ng'ombe waliobaki, akadandia treni ya mizigo kuja magharibi, akapata kazi ya kulisha farasi wa filamu za kauboi.

Siku moja Roland Teague, mwongozaji wa filamu, alikuwa anapiga picha vilimani. Stelingi wake alikuwa amelewa, na hata asingelewa, alikuwa anamwogopa farasi kama kifo. Jua lilikuwa linawaka, watu wamechoka, Teague akarusha kofia yake chini.

"Yaani katika umati wote huu hakuna mwanamume wa kumpanda mnyama huyu?"

"Wapo," akajibu Ota, ameegemea uma wa nyasi. "Ila wote umewapa kazi ya kuzoa mavi."

Teague akamtazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, mzoa mavi, panda tuone."

Ota akapanda. Aliteremka na yule farasi kwenye mteremko ambao hata mbuzi angefikiria mara mbili, akasimama mbele ya kamera bila kuhema. Wiki ileile wakamwita studio, wakamweka chini ya taa, wakamwambia aseme lolote. Akaeleza jinsi ya kumzalisha ng'ombe ambaye ndama wake amekaa vibaya. Walioitazama picha ile wanasema hakuna aliyekohoa mpaka ndama akatoka.

Mkuu wa studio yetu, Bwana Abel Strickland, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio uliotutisha. Alimpa Ota mkataba wa miaka saba na jina jipya: Lyle Tremaine. Jina Ota hakuligombania. "Jina ni koti," aliniambia. "Nikifika nyumbani nalitundika." Lakini walipomleta daktari wa kunyoosha pua yake, iliyokuwa na kinundu katikati, alisimama akavaa kofia.

"Pua hii ni ya babu yangu," alisema. "Mimi nimeazimwa tu."

Daktari akarudi na mkoba wake. Kumbe kamera ilikipenda kile kinundu, na Strickland akanyamaza. Ila hakusahau. Yule mzee hakuwahi kusahau kitu.

Sasa, palikuwa na bwana mmoja, Ferris Quill, kazi yake ni kuwatungia mastaa maisha. Alikuwa na meno mengi na simu mbili. Akamtungia Ota maisha mapya magazetini: kwamba ni mtoto wa ofisa wa jeshi wa Virginia, baba kafa vitani, mama kafa siku ya kumzaa. "Watu wanapenda yatima," Quill alikuwa akisema. "Yatima mrefu mwenye mabega, ndiyo kabisa." Ota hakuwa msomaji wa magazeti ya sinema, kwa hiyo hakujua kama kafiwa.

Mama yake akajua. Jirani alimpelekea lile gazeti kanisani.

Nilikuwa napiga pasi mashati ya kitajiri nilipoitwa langoni. Nikamkuta mama mnene wa kimo kifupi, kitambaa kichwani, gauni jeusi, kikapu cha maandazi ya matunda ya plamu mkononi. Bawabu alikuwa anajikuna kichwa.

"Karibu, mama," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mimi Verna. Namvalisha mwanao."

"Kwani hajui kuvaa mwenyewe?"

Nikamuuliza kama safari ilikuwa njema.

"Safari njema," alisema. "Nimekuja kuona kaburi langu. Nimesoma kuwa nimekufa. Nataka kujua kama wameniwekea maua."

Huyo ndiye Bozena Hruska. Nikamtuma mtu akamwite Ota, naye akaja mbio kutoka mbele ya kamera akiwa na mavazi ya mwana wa mfalme, soksi za kubana mpaka kiunoni. Mama akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Ota! Suruali yako iko wapi?"

Ota akapiga magoti palepale kwenye lami, akaweka kichwa kwenye tumbo la mama yake. Alipoelezwa habari ya gazeti niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Alichukua kikapu kwa mkono mmoja na mama kwa mkono mwingine, wakaingia studio kwa mlango mkubwa.

Quill akatukuta kwenye chumba cha mavazi, anahema. Alikuwa ameshapata dawa.

"Haina shida! Mama atakuwa yaya. Yaya mzee mwaminifu kutoka Ulaya, amekuja kumwona mtoto aliyemlea. Watu watalia!"

Bozena alikuwa anakula andazi. Akameza kwanza. "Kijana, mimi nilimzaa huyu kwenye banda la ng'ombe, mvua inanyesha, hakuna mkunga. Wewe ulikuwepo?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza."

Lakini Strickland hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Alimwita Ota, akamkalisha kwenye kiti laini, akamwambia kwamba watu hawaji sinema kumwona mtoto wa mkulima, wanakuja kuona ndoto.

"Basi waonyeshe ndoto," Ota akamjibu. "Mama yangu mtoe humo."

"Ijumaa tunazindua filamu yako, mwanangu. Utakuja na binti tuliyekuchagulia, utatabasamu. Na yule mama atapanda treni."

"Nitatabasamu," akasema Ota. Hilo tu ndilo alilokubali, ila Strickland hakusikiliza vizuri.

Mimi nilimshonea Bozena gauni. Nilileta hariri, akaikataa, akataka sufu nyeusi yenye mifuko. Ijumaa jioni taa zilikuwa zinafagia anga, watu wamejaa mpaka barabara ya pili, polisi wameshikana mikono kuwazuia. Gari likasimama. Wapiga picha wakainua kamera wakimsubiri binti wa kuchaguliwa. Ukatoka mguu wa Bozena, kiatu cha shamba kilichopigwa rangi.

Mtangazaji wa redio aliduwaa, kisha akakimbilia na kipaza sauti. "Bwana Tremaine! Na huyu uliyeongozana naye ni nani?"

"Huyu," akasema Ota, akitabasamu kama alivyoahidi, "ni marehemu mama yangu."

Bozena akakivuta kile kipaza sauti kwake.

"Bado sijafa," akasema. "Siku nikifa nitawaambia mwenyewe."

Kicheko kilianza kwa wale wa nyuma, wasiokuwa na tiketi, kikaja mbele kama wimbi, halafu kikageuka makofi. Niliyekuwa namtazama mimi ni Quill. Alikuwa mweupe kama chokaa. Strickland alimbusu Bozena mkono mbele ya wapiga picha, na Jumatatu akamsimamisha Ota kazi.

Kusimamishwa kwetu sisi si likizo. Siku unazokaa nje zinaongezwa mwishoni mwa mkataba, na huruhusiwi kuigiza kokote, hata kwenye mchezo wa shule. Wengi walivunjika baada ya mwezi, wakarudi wameinama. Ota alipanga nyumba ndogo yenye milimau na mama yake, akanunua brashi, akaanza kuwapakia majirani rangi kwenye nyua zao. Mabasi ya watalii yalikuwa yakipita kuonyesha nyumba za mastaa, naye yuko juu ya ngazi, kaptula imejaa rangi, anawapungia brashi.

"Bwana Tremaine, unafanya nini?" wakamwita.

"Napumzika! Bwana Strickland ananipenda sana!"

Picha zile zikatoka magazetini nchi nzima. Wenye majumba ya sinema wakaanza kumsumbua Strickland: yule mwenye mama yuko wapi? Mwishowe akamrudisha, ila kwa adhabu: akampa filamu aigize na nyani. Ota aliicheza kwa moyo wote. Alimheshimu nyani, akamsikiliza nyani, akalia juu ya kaburi la nyani, na watu wakalia naye. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwangusha. Akawa rubani, akawa daktari wa jangwani, akawa mwana wa mfalme tena na zile soksi. Akamwoa Luz Arambula, fundi mwenzangu wa cherehani kutoka mtaa wa Boyle Heights, na Quill alipotaka kumfanya Luz binti wa kabaila wa Hispania, Luz alimwonyesha mkasi. Vita vya pili vya dunia vilipokuja Ota alikwenda, akarudi na sikio moja lisilosikia vizuri na nywele zenye mvi pembeni. Kamera ikampenda zaidi.

Baada ya vita, sisi mafundi tuligoma: maseremala, wapaka rangi, watu wa taa, washonaji. Tulisimama langoni kuanzia alfajiri. Studio ilikuwa ikiwapitisha mastaa ndani ya mabasi, wamelala chini ya viti ili wasionekane. Siku ya pili gari la Ota likaja. Sisi tulikuwa tunaimba, na nitasema ukweli, niliacha kuimba nilipoliona. Nilidhani atapita.

"Pita tu, Bwana Tremaine," bawabu akamwambia. "Hawatakugusa."

"Nani atanivalisha?"

"Watakupa mtu."

"Mtu wangu yule pale, ameshika bango."

Akaligeuza lile gari, refu kama jeneza la tajiri, akalipaki katikati ya lango, upande kwa upande, basi lisipite wala baiskeli. Akazima, akashuka, akanirushia ufunguo. "Verna, kaa nao. Ukiupoteza sitakasirika."

Walinzi wa studio wakafungua mipira ya maji. Maji yale yanampiga mtu kama gogo. Ota alisimama mstari wa mbele ameshikana mikono na seremala mmoja, na mimi, mjinga mimi, nilikuwa nampigia kelele: "Suti! Ota, hiyo suti nimeishona kwa mkono!" Naye akapiga kelele, maji mdomoni, "Ndiyo maana haichaniki!"

Mgomo ule tulishindwa. Wengi hawakurudi kazini tena. Mimi nilirudi kwa sababu Ota alikataa kuvalishwa na mwingine yeyote.

Halafu ikaja miaka ya hofu. Wabunge kutoka Washington waliunda kamati ya kuwasaka wakomunisti, na walipenda sana kuwasakia Hollywood kwa kuwa huko kuna wapiga picha. Ukiitwa, unatakiwa utaje wenzako. Ukitaja, unaendelea kula. Ukikataa, jina lako linafutwa kila studio. Roland Teague, yule aliyemtoa Ota kwenye mavi ya farasi, aliitwa, akataja. Katika majina aliyotaja lilikuwemo la Ota, kwa ajili ya siku ile ya lango.

Strickland alimwita Ota ofisini tukiwa katikati ya kujaribu mavazi, akasema aje vilevile. Kwa hiyo na mimi nikaenda, nikapiga magoti kwenye zulia, pini mdomoni, nikawa napunguza upindo wa suruali huku wanaongea juu ya kichwa changu.

"Ota," akasema Strickland. Hakuwahi kumwita hivyo. "Taja watatu au wanne, yaishe. Wote wameshatajwa na wengine. Humuumizi mtu."

"Kama wameshatajwa, mimi wananitakia nini?"

Nadhani alikuwa amechoka, maana alisema kweli. "Wanataka kukuona ukiinama."

"Haa."

"Dunia nzima inainama, mwanangu. Mtaje hata huyu fundi hapa miguuni pako. Alikuwepo langoni. Nani anamjua?"

Hakuniangalia aliposema hivyo. Nilizitazama pini zangu. Nilijiambia, Verna, hapa ndipo unapojua wewe ni nani kwa mtu huyu.

"Mimi namjua," Ota akasema. "Bwana Strickland, uliwahi kutaka nimzike mama yangu mzima. Nilikuwa mtoto wa shamba, sina mbele wala nyuma, nikakataa. Leo ndiyo unadhani nimekuwa laini? Verna, toa pini."

"Ota, bado upindo…"

"Toa pini, dada yangu. Suruali hii ni mali ya studio."

Nikatoa. Akaivua, akaikunja vizuri kwa mstari wake, akaiweka juu ya meza ya Strickland, akatoka. Alivuka uwanja wote wa studio kwa kaptula ya ndani, soksi na viatu vyeusi vinavyong'aa, akiwasalimia maseremala, wacheza ngoma, askari wa Kirumi waliokuwa kwenye foleni ya chakula. Mimi nilimfuata nyuma na kisanduku changu cha sindano. Hatukurudi tena.

Mbele ya kamati walimuuliza maswali yale yale. "Nitawajibu habari zangu mpaka mchoke," aliwaambia. "Za jirani yangu, kamuulizeni jirani yangu." Mwenyekiti akagonga nyundo yake, Ota akarudia, nyundo, akarudia. Akafungwa kwa kulidharau Bunge.

Akiwa ndani, Bozena akaugua mapafu. Hakukaa sana. Aliniambia nimpelekee Ota habari kwamba hajutii hata siku moja, ila angependa maandazi ya hospitali yawe na sukari. Alipofariki, Luz aliomba mumewe aruhusiwe kuja mazishini, hata kwa pingu. Wakakataa. Tulimzika mimi na Luz na kasisi, na nilipogeuka nikaona wanakuja kupitia lango la makaburi: bawabu wetu wa zamani, wafagiaji wa sinema, maseremala waliopoteza kazi, akina mama nisiowajua. Mmoja aliniambia alikuwepo nyuma kabisa, bila tiketi, Ijumaa ile. Ota alipotoka gerezani alikwenda moja kwa moja kaburini. Alikaa huko mchana kutwa. Sijui alisema nini, sikumuuliza.

Studio zote zilikuwa zimemfungia. Filamu zake wakaziweka stoo. Rafiki zake wa sherehe wakawa wanavuka barabara wakimwona. Basi akanunua lori bovu, Luz akaandika mchezo wa kuchekesha kuhusu gavana aliyepotelewa na mbwa, mimi nikashona mavazi kwa mapazia ya zamani, tukaanza kuzunguka miji ya bondeni kwa wakulima wa zabibu, wa pamba, wa nyanya. Ota alikuwa gavana. Luz na mimi tulikuwa watu wengine wote, akiwemo mbwa.

Mji wa Fresno tulikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli, na nje wanaume wenye mabango: NENDA MOSKO, yaani kwa wakomunisti wenzake. Mwenye ukumbi aliogopa hata kutuangalia. Wachuma zabibu walikuwa wameshafika na watoto wao, wamevaa nguo safi.

"Tuondoke, Ota," nikamwambia. "Kesho tuko mji mwingine."

"Na huko nako watakuwepo," akasema. "Luz, mzee wa lile banda la kufungashia zabibu si mjomba wa mtu?"

"Kila mzee ni mjomba wa mtu," Luz akasema, akaenda.

Mchana ule tulicheza ndani ya banda, jukwaa ni makreti. Kabla ya kuanza, Ota akawaendea wenye mabango. "Jua kali, ndugu zangu. Ndani kuna kivuli. Viti vya mbele nimewawekea mnaonichukia, mnione vizuri." Wengi walimtukana. Mmoja, mzee mwenye kofia ya jeshi, aliingia, akaketi mbele na bango lake mapajani, amenuna. Mbwa alipomng'ata gavana makalioni, bango lilianguka na mzee hakuliokota, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Tulipokuwa tunapakia lori, Roland Teague akatokea kando ya banda. Alikuwa amekonda, ameshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa ameendesha gari kutoka Los Angeles.

"Umecheza vizuri kuliko zamani," akasema.

"Nashukuru."

"Ota, nilikuwa na watoto. Waliniambia nitapoteza nyumba." Akanyoosha mkono. "Nimekuja kuomba radhi."

Ota aliutazama ule mkono. Tulikuwa tumesimama wote, hata kreti nililobeba nilisahau kuliweka chini.

"Roland, wewe ndiye uliyenipandisha farasi. Kwa hilo asante, na nitalisema mbele ya yeyote. Watoto wako wakija kwangu watakula. Lakini mkono, hapana."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Usiusubiri."

Teague akavaa kofia, akaenda zake. Njiani nilimwambia Ota kwamba mimi ningempa, maana niliona mtu aliyekwisha. Ota alikuwa anaendesha, sikio lake zima upande wangu.

"Na ungefanya vizuri, Verna. Wewe mpe. Mimi wangu siutoi."

Hakuutoa. Tuliendelea na lori lile miaka mingi, mpaka mimi nikawa siwezi tena kuwa mbwa. Wakubwa wapya wa studio walipokuja kumbembeleza, wakimwahidi nafasi ya kuigiza babu mwenye hekima ilimradi aseme gazetini kwamba ujana ulimpotosha, aliwamiminia kahawa, akawasikiliza kwa adabu, akawafungulia mlango. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo, kiangazi, akiwa anakariri maneno ya mchezo mpya chini ya milimau. Teague alikuja mazishini akasimama mbali, kwenye ukuta. Luz alimwona, akanitazama. Nikaenda mimi, nikamshika mkono, nikamleta karibu.